Nyama katika Jiko la Kihindi: Nani Hula, Nani Hali, na kwa Sababu Gani

Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na wageni waalikwa katika sherehe ya kutimiza miaka sabini na tano ya hekalu letu



Kamati ya sherehe imetuomba tuseme machache juu ya chakula. Ombi hilo limetokana na swali ambalo hatulikosi kila mwaka tunapowakaribisha wageni kwenye karamu zetu. Mgeni hula wali, dengu, mboga za aina nne au tano, puri na achari, hushiba na kushukuru, kisha humwinamia mwenyeji wake na kumuuliza kwa sauti ya chini: "Ndugu yangu, nyama italetwa saa ngapi?" Sisi hucheka, naye hucheka, na swali hubaki bila jibu. Leo twapenda kulijibu.

Sisi si wasomi, wala si makuhani. Masomo yetu yaliishia kidato cha nne, na tangu hapo shule yetu imekuwa kaunta ya duka la nafaka na viungo. Lakini muuza viungo huyajua majiko ya mji mzima. Anayenunua mvuje na mbegu za haradali hapiki sawa na yule anayenunua mdalasini, iliki na karafuu siku moja kabla ya Idi.

Tuanze na kisa cha nyumbani. Tulipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, hapa hapa Tanga, jirani yetu alikuwa mama mmoja mtu mzima ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi. Siku ya Idi alituletea sinia la pilau lililofunikwa kwa kawa. Mama yetu alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaulizia hali ya watoto. Bibi alipokwisha kuondoka, mama alilipitisha sinia lile mlango wa nyuma, akampa mlinzi. Hakulitupa, wala hakutamka neno baya. Lakini mjukuu wa Bibi, mwenzetu wa kucheza gololi, alikuwa uani, akaona. Kesho yake alituuliza: "Chakula cha bibi yangu kina najisi gani?" Hatukuwa na jibu. Tulijua tu kwamba kwetu nyama hailiwi. Kwa nini hailiwi, hatukuambiwa.

Swali la mtoto yule ndilo tutakalojaribu kulijibu, ijapokuwa tumechelewa zaidi ya miaka hamsini.

Kwanza tuyatenganishe maneno mawili yanayofanana. Katika Kiswahili, Mhindi ni mtu yeyote mwenye asili ya Bara Hindi, na Mhindu ni mfuasi wa dini yetu. Bohora, Khoja, Kalasinga, Mgoa na Mjaini wote huitwa Wahindi mitaani, na kila mmoja ana jiko lake. Kwa hiyo usemi kwamba "Wahindi hawali nyama" si kweli. Na hata ukisema "Wahindu hawali nyama", bado si kweli. Uchunguzi wa shirika la Pew la Marekani, uliowahoji watu wazima wapatao 30,000 nchini India na kutangazwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa asilimia 39 ndio waliojitaja kuwa hawali nyama. Miongoni mwa Wahindu walikuwa asilimia 44, na miongoni mwa Wajaini asilimia 92. Hata hivyo, uchunguzi huohuo ulionyesha kuwa asilimia 81 ya watu wazima hujizuia kwa namna fulani: huyu hali nyama ya aina fulani, yule hali siku fulani. Kumbe aghalabu Mhindi hula nyama kwa masharti, na masharti hayo yana sababu.

Sababu ya kwanza ni ardhi na maji. Takwimu za serikali ya India za mwaka 2014 zilionyesha kwamba Rajasthan, nchi ya ukame, karibu robo tatu ya watu hawali nyama, ilhali West Bengal wasiokula hawakufikia wawili katika kila mia. Bengal ni nchi ya mito na madimbwi. Huko hata Brahmin, mtu wa tabaka la makuhani, hula samaki, na katika harusi samaki mzima hupambwa na kupelekwa nyumbani kwa bibi harusi pamoja na zawadi nyingine. Wenzetu wa pwani hawatashangaa.

Kashmir nako kuna baridi kali ya milimani. Makuhani wa huko, wanaoitwa Pandit, hula nyama ya kondoo na mbuzi, tena wengine huitoa kama sadaka katika sikukuu ya Shiva. Lakini mchuzi wao hauna kitunguu wala kitunguu saumu. Huupika kwa mvuje, shamari na tangawizi kavu, kwa sababu kwao vitunguu ndivyo vinavyochochea tamaa, si nyama. Sisi Wagujarati wengi tungeliona jambo hilo kuwa kioja. Nao wakituona tukikaanga vitunguu katika mboga, huenda wakatuona sisi ndio vioja.

Kusini, katika Kerala, nyama ya ng'ombe iliyokaangwa kwa vipande vya nazi huliwa na Wakristo, Waislamu na Wahindu wengi pia. Katika milima ya Kodagu, Wahindu hupika nguruwe na kujivunia mchuzi wake. Goa, iliyotekwa na Wareno mwaka 1510, ilipata kutoka kwao nguruwe wa siki na kitunguu saumu, chakula ambacho leo dunia inakijua kwa jina la vindaloo. Nako Bengal, nyumba nyingi za Kihindu za zamani zilizokula mbuzi na samaki bila wasiwasi hazikumruhusu kuku aingie jikoni, kwa kuwa kuku hudonoa uchafu.

Sababu ya pili ni imani, na hapa twafika kwetu Gujarat. Chini ya mlima Girnar, karibu na Junagadh, liko jiwe kubwa lenye maandishi ya mfalme Ashoka, aliyetawala katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Katika jiwe hilo mfalme anakiri kwamba zamani wanyama wengi mno walichinjwa kila siku kwa ajili ya jiko lake. Kwamba sasa wamebaki watatu tu, tausi wawili na paa mmoja, na paa huyo si kila siku. Na kwamba baadaye hata hao watatu hawatachinjwa. Hakujifanya ameacha kwa siku moja. Aliandika hesabu ya jiko lake hadharani, kama mfanyabiashara anayefunga vitabu.

Katika karne ya kumi na mbili, mfalme Kumarapala wa Gujarat, aliyeongozwa na mwanachuoni wa Kijaini Hemachandra, alipiga marufuku uchinjaji katika milki yake. Baadaye madhehebu ya Kivaishnava yalienea, na mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa mafundisho ya Swaminarayan yakaimarisha desturi hiyohiyo. Msingi wake ni neno moja, ahimsa, yaani kutodhuru. Twaamini kuwa uhai ulio ndani ya mbuzi na uhai ulio ndani yetu hautofautiani kwa asili. Wajaini huenda mbali zaidi: wengi wao hawali hata viazi wala karoti, kwa kuwa ukiung'oa mzizi umeua mmea mzima pamoja na viumbe vidogo vilivyomo udongoni. Na bado, katika Gujarat hiyohiyo, takwimu za mwaka 2014 zilionyesha kuwa watu wanne katika kumi hula nyama. Wamo Bohora, Khoja na Memon, na wamo pia Wahindu wa jamii ya Kharwa, mabaharia na wavuvi wa Porbandar na Veraval.

Sababu ya tatu ni ng'ombe. Wafugaji waliomo ukumbini, Wamasai na Wasukuma, wataielewa upesi kuliko wengine, maana nao hawachinji ng'ombe ovyo. Kwa mkulima wa India, ng'ombe alitoa maziwa, mtindi na samli. Alizaa dume la kuvuta plau na mkokoteni. Mavi yake yalikuwa mbolea shambani na kuni jikoni. Anayekulisha akiwa hai ni mama, na mama hachinjwi. Katiba ya India, iliyoanza kutumika mwaka 1950, katika ibara ya 48, iliielekeza serikali kuzuia uchinjaji wa ng'ombe, lakini sheria zenyewe hutofautiana jimbo kwa jimbo: Gujarat ni kali mno, Kerala si hivyo. Na huenda mkashangaa kusikia kwamba India ni miongoni mwa nchi zinazouza ng'ambo nyama nyingi zaidi ya nyati wa kufugwa.

Sababu ya nne ni nadhiri na siku. Mhindu mmoja hula nyama Jumatano, lakini Jumanne haigusi kwa heshima ya Hanuman. Mwingine huacha mwezi mzima wa Shravan. Katika siku tisa za Navratri, Gujarat hufunga. Katika siku hizohizo Bengal husherehekea Durga Puja, na nyumba nyingi hupika mchuzi wa mbuzi kumfurahia mungu yuleyule wa kike. Wenzetu mnaofunga Ramadhani na Kwaresima mnajua kwamba kujinyima si kukichukia chakula.

Na sababu ya tano ni ukarimu. Jikoni kwa Kalasinga, katika hekalu lao la Amritsar, wageni hulishwa bure mchana na usiku, wala hawapewi nyama, ijapokuwa Kalasinga wengi huila majumbani mwao. Chakula kisicho na nyama humwezesha mtu wa kila dini kuketi. Asiyekula nguruwe, asiyekula ng'ombe, asiyekula kisichochinjwa kwa halali, wote hula dengu. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya mlo wa hekalu letu, na ndilo jibu la yule anayeuliza nyama italetwa saa ngapi.

Ndugu zetu, tungeweza kuishia hapa, tukapigiwa makofi, tukaenda kula. Lakini sababu njema zaweza kutumiwa vibaya, na kuyanyamazia hayo siku ya sherehe ni kuwahadaa wageni.

Mohandas Gandhi alizaliwa Porbandar mwaka 1869 katika nyumba isiyokula nyama. Alipokuwa kijana alishawishiwa na rafiki kwamba Waingereza hututawala kwa sababu wao hula nyama na sisi hatuli. Akaila nyama ya mbuzi kwa siri, kando ya mto, na usiku ule hakupata usingizi. Aliendelea kwa muda, kisha akaacha. Ameeleza mwenyewe kwamba kilichomshinda ni uongo: kila alipokula huko nje, alirudi nyumbani na kumdanganya mama yake kwamba hana njaa. Kabla ya kwenda London mwaka 1888 alimwekea mama yake nadhiri, akaitunza kwa shida huku akila mikate mikavu. Huko London ndiko alikokisoma kitabu cha Mwingereza Henry Salt, na tangu siku hiyo, asema, aliacha nyama kwa hiari yake. Nadhiri ilitangulia, sababu ilimfikia baadaye.

Twawasihi wazazi wenzetu wakikumbuke kisa hiki. Wapo vijana wetu wanaokula kuku mjini, kisha hutafuna iliki kabla ya kuingia nyumbani. Sisi wenyewe tunaye mmoja. Tulipogundua tulimfokea, naye akanyamaza, na kwa muda wa mwaka mzima hatukula naye meza moja. Leo twaona kwamba tulimpa amri ambayo mama yetu alitupa sisi, na sababu hatukumpa, kama ambavyo sisi hatukupewa.

Lipo na jambo zito zaidi. Katika Bengal, mwanamke aliyefiwa na mume alinyimwa samaki na nyama maisha yake yote, hata kama alikuwa msichana. Hakuchagua, alichaguliwa. Kujinyima kwake hakukuitwa adhabu, bali usafi. Na mwaka 2016, karibu na mji wa Una, katika Gujarat yetu wenyewe, vijana wa jamii ya Dalit walichapwa hadharani kwa kumchuna ngozi ng'ombe aliyekwisha kufa, kazi ambayo kwa karne nyingi tabaka za juu ziliwaachia wao kisha zikawadharau kwa kuifanya. Mwenye kuapa kwamba hatamdhuru mbuzi, akamchapa binadamu, ameivunja ahimsa kwa jina la ahimsa.

Wala tusiitazame India pekee. Turudi Tanga, kwa Bibi.

Mjukuu alimweleza alichokiona. Bibi hakukasirika kwa kificho, alivaa kanga zake, akaja, akaketi barazani, akasema: "Mwanangu, mimi mkubwa wako, niambie. Kosa langu nini?" Mama yetu, kwa Kiswahili chake cha dukani, alimweleza: kwamba aliahidi mbele ya mama yake kutokula kitu kilichokuwa na roho, na kwamba aliona aibu kuurudisha mkono wa mkubwa. Bibi akapiga kofi. "Kumbe ni nadhiri! Mbona hukusema, mwanangu? Nadhiri sisi twaijua."

Idi iliyofuata alikuja na sufuria, wala si sinia. Aliiweka mbele ya mama akasema: "Hii nimeinunua mpya. Haijaonja nyama." Ndani mlikuwa na pilau ya viazi na njegere, iliyopikwa kwa samli. Mama aliketi naye mkekani, wakala pamoja kwa mkono. Sufuria ile Bibi aliitenga, na miaka yote aliyoishi haikupikiwa kitu kingine.

Sasa tuseme la upande wetu. Katika nyumba yetu hiyohiyo, msaidizi aliyetupikia, aliyetubeba mgongoni, alikuwa na kikombe chake cha bati, kilichotundikwa msumarini nje ya mlango wa jiko. Hakunywa katika vikombe vyetu. Tulipouliza, tuliambiwa kwamba yeye hula nyama. Lakini daktari wa Kizungu aliyemtibu baba naye alikula nyama, na chai yake ililetwa katika kikombe chenye maua. Kwa hiyo sababu haikuwa nyama.

Bibi alinunua sufuria ili mgeni wake asiudhike. Sisi tulitundika kikombe ili mtu wetu ajue mahali pake. Kuna methali isemayo, Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Utotoni ilituudhi sana. Ukubwani twajiuliza kama kikombe kile nacho hakikuchangia kuifanya idumu. Msaidizi yule amekwisha kufariki dunia. Kikombe kilibaki msumarini hadi siku aliyoacha kazi, nasi wakati huo tulikuwa watu wazima wenye uwezo wa kukiondoa. Hatukukiondoa, wala hatukumwomba radhi. Twaiomba leo, mbele yenu.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu kwa jumuiya yetu inapoingia mwaka wa sabini na sita. Kwanza, tukiulizwa kwa nini hatuli, tujibu, tena kwa Kiswahili, wala tusiishie kutabasamu. Pili, kutokula kwetu kuwe sharti juu yetu wenyewe, kusiwe kipimo cha mpangaji, mfanyakazi, au mkwe. Tatu, watoto wetu wapewe sababu kabla ya amri. Na atakayechagua njia nyingine asilazimike kutudanganya ili apate kuketi nasi. Sisi tumekwisha kuanza: mwana wetu yumo humu ukumbini, naye ndiye aliyetusaidia kuipanga hotuba hii.

Mlo u tayari. Mbaazi zilizomo zimetoka Mtwara, mahali ambapo majahazi na meli zimezibeba hadi India miaka na miaka, zikaliwa Gujarat na watu wasiojua shamba lililozizaa. Wali ni wa Korogwe, na nazi ni za hapa hapa. Tutaketi wote katika mstari mmoja, sakafuni, waumini na wageni, wenye maduka na walinzi wa maduka, na vikombe ni vya aina moja. Na mwenye kutaka kuuliza nyama italetwa saa ngapi, leo na aulize kwa sauti kubwa.

Karibuni chakula.